Mkeka wa Mgonjwa Una Pembe Nne

Somo kwa vikundi vya nyumba, vijana, wababa na wamama
Ya kusoma: Marko 2:1-12, Yohana 9:1-3, 2 Wafalme 20:1-7, Yakobo 5:13-16



Katika somo hili tunafundishana juu ya kijana wa miaka 13, 15 au 17 anayeugua ugonjwa mzito, ule usioisha kwa juma moja. Mtoto mchanga akiugua, kila mama anambeba. Kijana akiugua, watu wanamtazama mara mbili. Wanasema, «Huyu ni mkubwa, mbona analia?» Kisha maneno yanaanza.

Tutashika mfano wa ugonjwa mmoja ulio wa kawaida katika nchi yetu ya Kongo: ugonjwa wa damu ambao madaktari wanauita drepanositozi, na sisi mtaani tunauita SS.

Marko anatuambia kwamba mgonjwa wa kupooza alibebwa na watu wanne. Njia ilikuwa imezibwa na watu, nao wakapanda juu ya nyumba, wakatoboa dari, wakamshusha mbele ya Yesu. Tuangalie vizuri: Yesu aliiona imani yao, maana yake hata imani ya wale waliobeba. Biblia inasema godoro. Sisi tutasema mkeka, kwa kuwa ndio tunaoujua. Mkeka una pembe nne. Pembe moja ikiachiliwa, mgonjwa anaanguka.

1. Pembe ya ulimi

Wanafunzi walipomwona kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alijibu kwamba si yeye wala si wazazi wake. Lakini hata leo swali lile linaulizwa katika vyumba vya maombi, na jibu linaangukia mtoto: «Ni mlozi. Anakula damu yake mwenyewe.»

Ndugu, SS inatoka wapi? Mtoto anapokea S moja kwa baba na S moja kwa mama. Mzazi mwenye AS anaweza kuwa mzima kabisa, asijue lolote. Baba AS akioa mama AS, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto SS. Chembe nyekundu za damu ya mtoto huyo zinapindika kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo yanatokea. Zinakufa upesi pia, kwa hiyo damu inapungua na macho yanakuwa ya manjano. Tena anaweza kuchelewa kukua, hata mdogo wake akampita kwa urefu. Hiyo yote ni kazi ya damu. Ulozi haumo.

Tujue pia kwamba Katiba yetu ya mwaka 2006 inakataza kumshtaki mtoto kwa ulozi, na Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayefanya hivyo. Mwonaji anayemtaja mtoto kuwa mlozi anavunja sheria ya nchi, na mbele ya Mungu anaiachilia pembe ya mkeka.

Sisi watu wa makanisa ya manabii tulipaswa kuelewa mbele ya wengine. Simon Kimbangu alianza kazi yake ya kuponya wagonjwa huko Nkamba mwaka 1921. Mwaka ule ule alihukumiwa, akakaa gerezani Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Ni miaka 30 ya mateso. Ni nani kati yetu atasema mateso yale yalikuwa alama ya dhambi? Basi, kwa nini tunasema hivyo juu ya mtoto wa jirani?

2. Pembe ya maombi

Yakobo anaagiza mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta. Wazee ndio wanaokwenda. Basi tusimtoe kijana kitandani usiku, akiwa na homa, ili aje kusimama kwenye mkesha.

Tukifika, tumwulize yeye mwenyewe: «Mwanangu, unataka tukuombee nini?» Mara nyingi tunaongea na mama yake kana kwamba yeye hayupo. Kijana mmoja wa miaka 15 aliulizwa hivyo, naye akajibu kwamba anaomba asisahauliwe na wenzake wa darasa. Tangu siku ile vijana wa kwaya walimletea madaftari kila Ijumaa. Ombi lile lilijibiwa kwa miguu yao.

Kufunga ni kuzuri, lakini tufunge sisi kwa ajili yake. Kwa mtu wa SS, kukosa maji, baridi na kuchoka vinaweza kuleta maumivu. Asifunge kavu, asikeshe kwenye baridi, asikae katika maji baridi ya mto. Mchungaji amwambie waziwazi kwamba ameruhusiwa, ili asione haya.

3. Pembe ya dawa

Mfalme Hezekia aliugua karibu ya kufa. Isaya, nabii wa kweli, alileta neno la Bwana kwamba atapona. Kisha nabii huyo huyo akaagiza wachukue tini na kuziweka juu ya jipu. Unabii na dawa vilitoka katika kinywa kimoja. Basi nabii asimwambie mtu aache dawa ya daktari.

Kijana wa SS anywe maji mengi, alale ndani ya chandarua, kwa sababu malaria inampiga vikali, na ameze asidi foliki kama alivyoagizwa. Akipata homa, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea, aende hospitali saa ile ile. Tutaomba njiani. Kuna pia dawa iitwayo hidroksiurea. Uchunguzi uliofanyiwa watoto katika nchi nne za Afrika, Kinshasa ikiwemo, na kutangazwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba inapunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu, na vifo. Inatolewa na daktari anayepima damu kila mara.

4. Pembe ya mikono

Bwana alipomfufua binti wa Yairo, mwenye miaka 12, aliagiza apewe chakula. Hospitalini kwetu jamaa ndio wanaleta chakula, wanalinda mgonjwa usiku, wanatafuta makuta ya dawa. Basi tupange zamu: nani anapika Jumatatu, nani analala huko Jumanne, nani anabaki na wadogo zake nyumbani. Wababa na vijana wazima wenye miaka 18 na zaidi waende kutoa damu kabla hospitali haijaomba. Na kama tunavyofanya likelemba, tuweke sanduku la wagonjwa, na hesabu isomwe mbele ya wote.

Na kama haponi?

Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, akaambiwa neema inamtosha (2 Wakorintho 12:7-9). Trofimo, mwenzake wa kazi, aliachwa Mileto akiwa mgonjwa (2 Timoteo 4:20). Hakuna aliyewaita watu wasio na imani. Waliobeba mkeka hawakuambiwa waponye. Walibeba, na kuponya kulikuwa kazi ya Bwana. Tukichoka kubeba, tupokezane, lakini tusiuweke chini.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika parokia yetu, ni kijana gani mgonjwa ambaye hatujamtembelea mwezi huu?
2. Ni pembe gani tunaishika vizuri, na ni ipi tumeiachilia?
3. Wachumba wetu wanapima damu, AA, AS au SS, kabla ya kupanga ndoa?

Bwana atupe mikono isiyochoka. Amina.