Sweta Moja Kuukuu, Kofia na Soksi za Mtoto Mchanga

Wengi husema ukanda wa ziwa hauna baridi. Lakini kati ya Juni na Agosti, wakazi wa milima ya Gwassi kule Homa Bay na wa nyanda za juu za Kuria kule Migori hawatoki nje alfajiri bila sweta. Hata Mbita na Sori, upepo wa usiku hupenya nyumba ya mabati.

Kwa mtu mzima huu ni usumbufu tu. Kwa mtoto mchanga ni hatari, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito wa chini ya kilo 2.5. Hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kichwa chake, ambacho ni kikubwa kikilinganishwa na mwili, hupoteza joto upesi. Joto lake linafaa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5.

Huhitaji kununua vazi jipya. Tafuta sweta kuukuu iliyo laini, mkasi, sindano na uzi. Ioshe kwa maji moto na sabuni, kisha uianike juani hadi ikauke kabisa.

Kofia

1. Laza sweta mezani. Kwenye kona ya chini, pima sentimita 18 kutoka ubavuni na sentimita 18 kwenda juu. Kata pande zote mbili pamoja. Pindo la chini la sweta ndilo litakalokaa kwenye paji la uso.
2. Geuza ndani nje. Kata sehemu ya juu iwe mviringo.
3. Shona upande uliokatwa na sehemu ya juu, ukiacha sentimita 1 ukingoni. Geuza tena.

Soksi

1. Kata kila mkono wa sweta sentimita 12 kutoka kwenye pindo la kiganja.
2. Geuza ndani nje, shona ncha iliyokatwa kwa mviringo, kisha geuza tena.
3. Pindo lisibane. Kidole chako kipite kwa urahisi kati yake na mguu wa mtoto.

Kabla ya kumvalisha, kata nyuzi zote zinazoning'inia ndani, kwani zinaweza kujifunga kwenye kidole cha mguu na kuzuia damu. Usiweke vifungo, wala kamba ya kufunga shingoni.

Kumbuka

Kofia ni msaada tu. Joto bora ni la mama: mweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha mfunike kwa leso au blanketi. Baba na nyanya pia wanaweza kumbeba hivyo mama anapopumzika. Mwoge wa kwanza usubiri saa 24.

Usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Mguse mtoto tumboni na miguuni. Miguu ikiwa baridi na tumbo lina joto, mpashe joto mara moja. Vyote viwili vikiwa baridi, au akikataa kunyonya, au akilegea, mweke kifuani na umpeleke kituo cha afya kilicho karibu bila kungoja asubuhi.