Kiungo cha Chuma: Tukipime Kabla ya Kukiamini

Leo tujifunze habari ya kuunga vyuma kwa moto, yaani kuchomelea. Vijana wengi husema "kuweldi". Mahali vyuma viwili vinapokutana tutapaita kiungo.

Je, kwa nini mkulima ajifunze jambo hili? Tuangalie mfano. Baiskeli inateremka mlima huku Muleba. Nyuma imefungwa mikungu mitatu ya ndizi. Keria yake ilivunjika juzi, ikachomelewa. Ukikitazama kiungo, kinang'aa na kimenona. Lakini ndani kina matundu. Katikati ya mteremko kinakatika. Mzigo unaanguka, mwendeshaji anaanguka, pengine na mtoto anayepita kando ya njia anaumia. Hapo hasara si pesa ya fundi peke yake.

Ufundi huu si mgeni kwetu

Wazee wa Buhaya walikuwa mafundi wa chuma tangu zamani sana. Katika miaka ya 1970, mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt alichimba huko Katuruka, wilaya ya Bukoba. Alikuta mabaki ya tanuri za chuma za miaka 2,000 hivi iliyopita. Baadaye wazee wa Kihaya waliokuwa wanaijua kazi hiyo walijenga tanuri upya, wakapata chuma mbele ya watafiti. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1978 katika jarida la Marekani liitwalo Science.

Chuma kilichotoka tanurini kilikuwa bonge lenye mavi ya chuma ndani yake. Mhunzi alilitia tena motoni mpaka likaiva sana, akaligonga kwa nyundo. Mavi yalitoka, na vipande vya chuma vikashikana. Hiyo ndiyo njia ya kale ya kuunga chuma: moto na nyundo. Mhunzi alijua kwamba uchafu ukibaki katikati, chuma hakishikani. Jambo hilo halijabadilika hata leo.

Njia za siku hizi

Njia ya kwanza ni ya gesi. Gesi mbili, oksijeni na asetilini, huchomwa pamoja, zikatoa moto mkali sana. Njia ya pili ni ya umeme, nayo ndiyo tunayoiona zaidi mitaani. Umeme unaruka kutoka kwenye kijiti cha kuchomelea kwenda kwenye chuma. Chuma huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi za Sentigredi, na cheche ile ina joto kupita hapo. Kingo za vyuma vyote viwili zinayeyuka, kijiti nacho kinayeyuka, vinachanganyika. Vikipoa, vinakuwa kitu kimoja.

Kijiti kimepakwa dawa. Dawa hiyo ikiungua hutoa moshi unaozuia hewa isiingie katika chuma kilichoyeyuka. Kwa hiyo dawa ikiharibika, na kiungo kinaharibika.

Makosa yanayoharibu kiungo

1. Uchafu. Kutu, rangi na mafuta huleta matundu. Chuma kisuguliwe kwanza kwa brashi ya waya au tupa.

2. Vijiti vyenye unyevu. Bukoba hupata mvua nyingi kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Vijiti vikiachwa wazi hunyonya maji, navyo huleta matundu na nyufa. Vitunzwe mahali pakavu.

3. Joto kidogo. Kijiti kinayeyuka na kulala juu tu kama ugali juu ya sahani. Kingo za chuma hazikuyeyuka. Kiungo cha namna hii huwadanganya watu wengi, maana kwa nje kinapendeza.

4. Joto kupita kiasi. Chuma kinaliwa pembeni, unabaki mfereji. Chuma chembamba kinatoboka.

5. Kumwagia maji ili kipoe upesi. Chuma kigumu, kama cha springi, kikipozwa ghafla huweza kuvunjika kama chungu. Kiachwe kipoe chenyewe.

Namna ya kupima

Kwanza, tazama kabla hakijapakwa rangi. Magamba yaondolewe kwa nyundo na brashi. Tafuta nyufa, matundu na mifereji. Fundi anayepaka rangi haraka kabla hujaona, mwambie asubiri.

Pili, jaribu kwa kipande. Mwombe fundi aunge vipande viwili vya chuma kama chako, kwa vijiti vilevile. Kipande kibanwe kwenye jiliwa, kipigwe nyundo mpaka kipinde. Kikipinda bila kupasuka, ni dalili njema. Kikikatika kwenye kiungo, tazama ndani: matundu yote utayaona.

Tatu, kama ni tangi la maji, pima kwa chokaa na mafuta ya taa. Paka chokaa upande mmoja wa kiungo, ikauke. Upande wa pili paka mafuta ya taa, ungoje. Mafuta hupenya hata katika tundu dogo sana. Ukiona doa kwenye chokaa, hapo pana tundu. Safisha mafuta yote kabla ya kuchomelea tena.

Kazi kubwa nazo hupimwa

Bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, kwenda Chongoleani, Tanga, limepangwa kupita katika mkoa wetu, wilaya za Bukoba na Muleba zikiwemo. Urefu wake ni kilomita 1,443. Kipande kimoja cha bomba kina mita 18 hivi. Tupige hesabu: mita 1,443,000 gawanya kwa 18. Tunapata viungo zaidi ya 80,000! Kimoja tu kikivuja, shamba la mtu na maji ya kunywa vimo hatarini. Ndiyo maana katika kazi za namna hiyo viungo hupimwa kwa mawimbi ya sauti au kwa picha za eksirei, na bomba hujazwa maji kwa nguvu kabla ya kupitisha mafuta. Fundi bingwa naye hupimwa kazi yake. Basi fundi wa kijijini asione haya kupimwa, na mwenye mali asione haya kuomba.

Tahadhari: usitazame cheche bila kioo cheusi cha kuchomelea. Usikubali pipa lililokuwa na petroli lichomelewe, hata kama ni tupu. Mvuke uliobaki ndani huweza kulipuka na kuua.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini kiungo kinachong'aa chaweza kuwa kibovu?
2. Vijiti vya kuchomelea vitunzwe wapi, na kwa nini?
3. Kijiji chenu kina tangi, daraja la chuma au keria iliyochomelewa. Nendeni mkaitazame pamoja. Mmeona nini?