Kubadilisha rekodi nyingi kwa mkupuo bila kuharibu hesabu za kikundi

Wadau wa Malvern, kikundi kikishahamisha hesabu kutoka daftari la mkono kwenda Excel, mweka hazina atakutana na hili tu: kurekebisha mistari mingi kwa mara moja. Mwanachama kabadili namba, jina limekosewa mara sitini, kiwango cha rand kimepanda. Nani anarudi kazini usiku halafu akae kurekebisha mstari mmoja mmoja?

Kabla hujagusa kitu, hifadhi nakala ya faili kwa jina lenye tarehe ya leo. Kisha andika kwenye karatasi idadi ya mistari na jumla ya michango. Ukimaliza kurekebisha majina au simu, vyote viwili viwe vilevile. Vikitofautiana hata kwa senti, rudi kwenye nakala.

Sasa bonyeza Ctrl+H. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Tuseme unataka kila "Ali" awe "Ally", kama pasipoti yake inavyosema. Excel haijui majina ya watu, inajua herufi tu, tena usipoiambia haijali kubwa wala ndogo. Salim atageuka "SAllym" na Khalid "KhAllyd". Kwa hiyo chagua kwanza safu ya majina peke yake, andika jina kamili, na uiambie ilinganishe seli nzima.

Namba za simu ni balaa zaidi. Ukitaka sifuri ya mwanzo iwe 255, ukaamuru kila 0 kwenye jedwali ibadilishwe, mchango wa 500 utasomeka 5255255. Achana na Ctrl+H hapo. Tengeneza safu mpya yenye fomula ="255"&RIGHT(B2;9), halafu uiburute hadi chini. Hiyo nukta-mkato si kosa la uchapaji: kompyuta nyingi zilizowekwa mpangilio wa Afrika Kusini hutumia mkato kama alama ya desimali, kwa hiyo fomula zake hutenganishwa kwa nukta-mkato.

Na mkato huohuo una hatari yake. Kwetu tunaandika 1,500 tukimaanisha elfu moja na mia tano. Kwenye mpangilio huo wa mkato, Excel itasoma moja na nusu! Ukiandika 1500.50 kwa nukta, itaichukua kama maneno, na jumla itairuka kimyakimya. Andika 1500 bila alama yoyote, mambo yaishe.

Tuje kwenye kiwango cha kubadilisha fedha, maana hapa ugomvi huanzia. Wengi huweka kiwango kwenye seli moja juu, na mistari yote inakokotoa kutoka hapo. Inapendeza, mpaka kiwango kibadilike. Tuseme Januari ulituma rand 2000 kwa kiwango cha 140, mama akapokea shilingi 280,000. Juni unaandika 145 kule juu. Papo hapo Januari nayo inasema 290,000. Mama hajawahi kuishika hiyo elfu kumi, lakini karatasi inasema aliipata. Siku ndugu wakikaa kupiga hesabu za ujenzi, nani ataulizwa? Aliyepokea.

Kila mstari uwe na kiwango chake, kilekile kilichoandikwa kwenye risiti ya siku ile. Kama tayari umetumia seli moja, kabla ya kuibadili chagua safu ya shilingi ya miezi iliyopita, nakili, kisha bandika palepale kama thamani tupu, bila fomula. Hapo hazitacheza tena.

Mwezi ambao wanachama wameshasomewa kwenye kikao usiuguse kabisa, hata ukikuta kosa. Ongeza mstari mpya wenye tarehe ya leo, kiasi cha marekebisho na sababu, kisha uusome kikao kijacho. Ukiweza, piga chapa ukurasa huo kwenye duka la intaneti pale Jules Street, katibu asaini.