Gari Limegongwa kwa Nyuma, Bima Inataka Kulipa Nusu

Kosa la ajali haliamuliwi na kampuni ya bima. Kampuni hutoa maoni yake, nayo hugeuka uamuzi pale mdai anapoyapokea kimya kimya. Ndiyo hali iliyomo katika barua ya msomaji wa Balili, Bunda. Probox yake ilisimama kupisha ng'ombe karibu na Kiabakari, lori likaigonga kwa nyuma. Bima ya lori imejibu kwamba italipa nusu tu, kwa sababu eti msomaji alifunga breki ghafla bila kuwasha taa za hazadi.

Msomaji ana bima ndogo, ambayo haitengenezi gari lake mwenyewe. Dai lake linamwelekea mwenye lori, na kupitia kwake bima ya lori. Ni kweli sheria inaruhusu lawama kugawanywa, na fidia hupungua kwa kadiri ya uzembe wa mdai. Lakini uzembe huo huthibitishwa, haukadiriwi mezani. Dereva anayefuata gari lingine anatakiwa kuacha nafasi ya kumtosha kusimama, na kati ya Bunda na Musoma ng'ombe barabarani si ajabu ya kumshtua mtu.

Uzito uko kwenye ushahidi wa eneo la tukio: ramani iliyochorwa na trafiki, urefu wa alama za breki, ripoti ya ukaguzi wa magari yote mawili, na picha. Picha nzuri si ile ya bampa peke yake. Vipande vya taa ya nyuma vilivyomwagika kwenye lami husaidia kuonyesha mahali magari yalipokutana, na bampa lililobonyea katikati huashiria kwamba gari lilikuwa limenyooka kwenye njia yake. Ng'ombe hawatoi ushahidi, lakini mchungaji wao ana simu, na ndiye shahidi aliyeona nani alisimama mapema. Aliyeumia, hata kama ni shingo tu, huhitaji PF3, fomu ya polisi.

Karatasi yenye nguvu kuliko zote hutoka mahakamani. Kama dereva wa lori alishtakiwa akatiwa hatiani, Sheria ya Ushahidi huihesabu hukumu ya mwisho ya jinai kuwa uthibitisho kamili wa kosa lake. Nakala yenye mhuri ikiambatishwa kwenye dai, hoja ya nusu kwa nusu hudhoofika sana. Faini iliyolipwa kwa trafiki barabarani haina uzito huo.

Pingamizi huandikwa kwa kampuni kwanza, likiitaka itaje ushahidi iliotumia. Jibu lisiporidhisha, malalamiko hupelekwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi inayotokana na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Wakati huo wote, hati yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho" haisainiwi: ikishasainiwa, nusu iliyobaki ni vigumu mno kuidai.

Kesi ya madai, ambayo kwa kawaida hufunguliwa dhidi ya dereva na mwenye lori, ina ukomo wa miaka 3 tangu siku ya ajali. Mazungumzo na bima, hata yawe ya heshima na barua nyingi kiasi gani, hayasimamishi hesabu hiyo.