Choo kigumu na tumbo kujaa gesi: dawa ya kwanza iko sokoni

Choo huwa kigumu pale mabaki ya chakula yanapokaa kwenye utumbo mpana muda mrefu kupita kiasi. Kazi mojawapo ya utumbo huo ni kufyonza maji. Kadiri mabaki yanavyochelewa ndivyo yanavyokauka, na ndivyo mtu anavyojikamua chooni hadi kupata bawasiri. Gesi nayo hutengenezwa na bakteria wanaoishi humohumo, na choo kikiziba njia, tumbo hujaa. Kupata choo mara tatu kwa siku au mara tatu kwa wiki bado ni kawaida, mradi kitoke bila maumivu. Msomaji wa Kihonda, Morogoro, anapata mara moja au mbili kwa wiki, tena kwa shida, na tumbo humjaa kila jioni. Anasema hali hiyo haikuwepo alipokuwa akiishi kwao Mgeta, na anauliza kama dawa za kusafisha tumbo zinazouzwa mitaani zitamfaa. Hazitamfaa. Kilichobadilika ni sahani yake na mwendo wa siku yake.

Mgeta, upande wa magharibi wa Milima ya Uluguru, watu hulima maharage, njegere, kabichi, karoti na viazi, na hupanda na kushuka mlima kila siku. Upande wa mashariki, Kinole na Matombo, kuna ndizi, mananasi, mafenesi na machungwa. Mazao hayo yote huteremka hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini. Lakini mkazi wa mjini huyapita, akaanza siku kwa chai na maandazi, mchana akala wali mweupe au ugali wa sembe wenye mboga kijiko kimoja pembeni, na usiku chipsi. Kutwa amekaa, iwe ofisini, dukani au kwenye bodaboda.

Kinachokosekana katika mlo huo ni nyuzinyuzi, yaani sehemu za mimea ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzisaga. Baadhi yake hushika maji na kukifanya choo kiwe laini na kikubwa, na choo kikubwa ndicho kinachousukuma utumbo ufanye kazi. Nyingine huliwa na bakteria wa utumbo mpana, ambao huzigeuza kuwa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo wenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina takriban nusu ya hizo gramu 25. Andazi la unga mweupe karibu halina chochote.

Jambo hili lilipata umaarufu duniani kutokana na Afrika Mashariki. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi miaka ya 1960, aliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza yalikuwa adimu kwa wanavijiji aliowatibu. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo: chakula cha wanavijiji wa Uganda kilipita mwilini kwa wastani wa saa 36 hivi, na cha mabaharia wa Uingereza kwa zaidi ya saa 80. Utafiti wa karibuni zaidi umefanyika Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2025, ukihusisha wanaume 77 wenye afya. Wale wa vijijini waliohamishwa kutoka mlo wa asili kwenda mlo wa kizungu kwa wiki mbili tu walionyesha dalili za uvimbe katika damu, na kinga yao ikapungua makali. Wa mjini waliorudishwa kwenye mlo wa asili walipata nafuu. Utafiti huo ulipima kinga, haukupima choo. Hata hivyo unatosha kuondoa dhana kwamba makande na magimbi ni chakula cha mtu asiye na uwezo.

Kwa hiyo matibabu yaanzie jikoni. Sembe ibadilishwe kwa dona, kwani mashine ya sembe huondoa pumba na kiini. Lakini dona lina sharti moja zito: mahindi yawe yamekaushwa vizuri, yasiwe na ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na kuosha au kupika hakuiondoi. Mahindi yenye ukungu yatupwe, yasisagwe.

Maharage, kunde, mbaazi au choroko ziliwe kila siku. Anayezikwepa kwa hofu ya gesi aziloweke usiku kucha, amwage maji hayo, kisha azipike kwa maji mapya hadi ziive kabisa. Mchicha, matembele, mnafu au mlenda ujaze robo ya sahani au zaidi. Papai, chungwa linaloliwa pamoja na nyama yake badala ya kukamuliwa juisi, na parachichi vinasaidia sana. Mabadiliko haya yafanyike taratibu, kwa wiki mbili au tatu, kwa sababu utumbo uliozoea sembe ukipewa nyuzinyuzi nyingi ghafla hutoa gesi zaidi, na wengi hukata tamaa hapo. Bila maji ya kutosha, nyuzinyuzi nazo huweza kuziba.

Togwa inastahili kurudi mezani. Uji wa mahindi, mtama au ulezi huachwa upoe hadi uvuguvugu, ukatiwa kimea au togwa ya jana, ukachacha hadi kesho yake. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine hapohapo Morogoro, wameainisha bakteria wanaoichachua. Ni wa jamii ileile inayouzwa kwa bei kubwa katika vidonge nchi za nje. Uchachu wake pia huzuia vijidudu vingi vya kuhara, na uchunguzi kwa watoto wa Tanzania uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta vijidudu hivyo vikipungua kwa waliokunywa togwa kila siku. Mtindi nao unawafaa wengi ambao maziwa mabichi au ya kuchemsha huwajaza gesi, maana sehemu ya sukari ya maziwa huwa imekwisha kuliwa na bakteria. Vyote viwili vinywewe bila kuongezwa sukari nyingi.

Maji ya kunywa yachemshwe. Mito ya Uluguru hutoka msituni ikiwa safi, lakini ikishapita kwenye makazi haiaminiki, na mboga iliyomwagiliwa kwa maji hayo ioshwe kwa maji salama au ipikwe.

Zipo pia tabia. Utumbo mpana huamka baada ya kifungua kinywa, na wito wa choo wakati huo usiahirishwe. Anayeuzuia kila siku kwa haraka ya daladala huuzoesha utumbo kunyamaza. Kuchuchumaa hurahisisha, na mwenye choo cha kukaa aweke kigoda chini ya miguu. Kutembea nusu saa kwa siku kunatosha kuanzia.

Dawa za kusafisha tumbo nyingi ni za kuharisha. Hutoa nafuu ya siku moja, hupoteza maji na chumvi, na baadhi ya watu hufika mahali wasipate choo bila hizo. Mjamzito asizitumie kabisa. Vidonge vya madini ya chuma na baadhi ya dawa za maumivu hufunga choo. Anayevitumia amweleze mhudumu wa afya badala ya kuviacha mwenyewe.

Kama baada ya mwezi wa mlo huu hakuna mabadiliko, msomaji aende kituo cha afya apimwe. Asisubiri mwezi huo mtu yeyote mwenye damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, kutapika pamoja na tumbo kuvimba na kutotoa choo wala hewa, au mwenye zaidi ya miaka 50 ambaye choo chake kimebadilika ghafla. Huyo aende hospitali leo.