Kujidharau Si Unyenyekevu

Wako Wakristo wadhanio kwamba mtu mnyenyekevu ni yule ajionaye hafai kitu. Hilo ni kosa, nasi hatuna budi kulisahihisha. Mnyenyekevu hujiona kama alivyo mbele ya Mungu, haongezi wala hapunguzi. Ajidharauye hupunguza, na kwa kufanya hivyo huidharau kazi ya Muumba wake.

Tutazame maisha ya Mtakatifu Yosefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, nchini Sudani, yapata mwaka 1869. Angali mtoto alinyakuliwa na wafanya biashara ya watumwa, akauzwa mara kadhaa, akapigwa, akachanjwa mwili kwa wembe na majeraha yake yakatiwa chumvi. Kwa hofu alilisahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Bakhita, maana yake mwenye bahati, ni jina alilopewa na hao waliomteka. Kama thamani ya mtu ingekuwa ile bei anayotajiwa na wenziwe, yeye asingesaliwa na kitu.

Lakini mwaka 1889, huko Venezia, Italia, bibi aliyekuwa akimtumikisha alipokuja kumchukua ili arudi naye Sudani, Bakhita alikataa kutoka katika nyumba ya masista alimokuwa akifundishwa dini. Shauri likafika mahakamani, na tarehe 29 Novemba ikaamuliwa kwamba yeye ni mtu huru. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, kisha akawa sista. Katika mji wa Schio alitumika miaka mingi, akiwa mpishi, na baadaye bawabu. Alifariki mwaka 1947, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu.

Yafaa tuangalie jambo hili: yule aliyekataa kuchukuliwa kama mali ndiye huyo huyo aliyekubali kupika na kuwafungulia wageni mlango. Mambo hayo mawili hayapingani. Kazi ndogo haikumpunguzia heshima, maana heshima yake haikutoka katika kazi.

Baba na mama wapenzi, tujiulize watoto wetu hujifunza wapi thamani yao. Mtoto aliyeshindwa mtihani akiitwa mjinga kila siku, au binti akichekwa nyumbani kwa rangi ya ngozi yake, mwishowe watalisahau jina lao na kuitikia lile la dharau. Mwenye kosa na aonywe kwa kosa lake, lakini utu wake usitukanwe. Kumwambia mtoto kwamba amekosea hesabu hii ni kumfundisha. Kumwambia kwamba hana akili ni kumvunja.

Nanyi vijana, fanyeni kwa bidii kazi mliyopewa, hata ikiwa ndogo. Pokeeni maonyo, waheshimuni wakubwa. Lakini akitokea mtu wa kuwaambia kwamba ninyi si kitu, msikubali. Bakhita hakukubali, na hakuna awezaye kusema kwamba alikosa unyenyekevu.