Somo la 12: Jeki na Stendi

Umekwisha kujifunza kuwa mashine rahisi hutuwezesha kuinua mzigo mkubwa kwa kani ndogo. Jeki ni mashine ya namna hiyo. Kwa jeki, mtu mmoja huweza kuinua upande mmoja wa gari lenye masi ya kilogramu 1,200.

Jeki zitumikazo sana ni za aina mbili. Jeki ya skrubu hupanda inapozungushwa, na msuguano katika hesi zake huizuia isirudi chini. Jeki ya mafuta ina pistoni mbili, ndogo na kubwa. Pistoni ndogo ikisukumwa, kanieneo husafiri katika mafuta hadi kwenye pistoni kubwa. Ikiwa eneo la pistoni kubwa ni mara 20 ya eneo la ile ndogo, kani ya nyutoni 100 huwa nyutoni 2,000. Lakini pistoni ndogo hushuka jumla ya sentimeta 20 ili ile kubwa ipande sentimeta 1. Ndiyo sababu fundi hupampu mara nyingi.

Jaribio

Vifaa: mabomba mawili ya sindano, dogo na kubwa, yasiyo na sindano, mpira mwembamba, maji.

1. Jaza maji katika mabomba na mpira, kisha yaunganishe. Usiache mapovu ya hewa.
2. Mwambie mwenzako akandamize kishikio cha bomba kubwa kwa kiganja. Wewe sukuma kile cha bomba dogo. Ni nani anayeshinda?
3. Mwenzako akiendelea kukandamiza, chomoa mpira. Unaona nini?

Kiganja cha mwenzako ni mfano wa uzito wa gari. Maji yalipopata njia, mzigo ulishuka mara moja. Jeki ya mafuta nayo huweza kushuka raba inayozuia mafuta ikichakaa. Jeki ya skrubu haivuji, lakini kitako chake ni chembamba. Gari likisogea kidogo, jeki huweza kupinduka. Kwa hiyo kumbuka: jeki ni ya kuinulia gari, stendi ni ya kulishikilia.

Kuchagua jeki na stendi

Soma uwezo ulioandikwa juu yake. Tani 1 ni kilogramu 1,000. Uwezo huo lazima uzidi mzigo. Stendi iwe ya chuma, yenye kitako kipana na pini imara. Usitumie tofali la saruji. Huonekana gumu, lakini huweza kupasuka ghafla. Kifaa kinachovuja, kilichopinda au chenye ufa kisitumike.

Kuinua gari

Gari lisimame mahali tambarare na pagumu. Breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yanayobaki chini yawekewe kabari. Penye udongo laini, ubao mnene na mpana uwekwe chini ya jeki ili kupunguza kanieneo. Gari likishainuliwa, stendi ziwekwe, kisha gari lishushwe polepole mpaka likae juu yake.

Kazi hii ni ya watu wazima. Lakini ukimwona mtu akiingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa kuokota spana tu, mzuie. Gari likianguka, hapati nafasi ya kutoka.

Maswali

1. Kwa nini pistoni ndogo husafiri mwendo mrefu kuliko ile kubwa?
2. Ubao mpana hupunguzaje kanieneo juu ya udongo?
3. Eleza tofauti ya kazi ya jeki na kazi ya stendi.